Mbwa wa Nome: kitabu kinachokumbusha waliobeba dawa kabla ya shujaa kufika

Mwezi wa kwanza mwaka 1925, watoto walikuwa wakifa katika mji wa Nome, kwenye pwani ya Alaska, kaskazini kabisa mwa Marekani. Ugonjwa ulikuwa dondakoo, ambao kwa Kifaransa unaitwa diphtérie. Koo linaziba na mtoto anashindwa kupumua. Mji mzima ulikuwa na muganga mmoja, Curtis Welch, na dawa aliyobaki nayo ilikuwa imepitwa na wakati.

Bahari ilikuwa imeganda, meli hazikupita. Ndege za wakati ule hazikuaminika katika baridi kali. Dawa ilipatikana Anchorage, ikapakiwa kwenye treni hadi Nenana. Kutoka pale zilibaki kilomita zaidi ya 1000 za theluji tupu, na hakuna kilichoweza kupita isipokuwa mbwa.

Ndiyo habari inayosimuliwa katika The Cruelest Miles, kitabu cha Gay Salisbury na Laney Salisbury kilichotoka mwaka 2003. Waliosoma Croc-Blanc ya Jack London kwa Kifaransa watautambua ulimwengu ule ule wa barafu, njaa na mbwa wanaovuta mzigo. Ila Croc-Blanc ni hadithi ya kubuni, na mambo ya Nome yalitokea kweli.

Waendeshaji wapatao 20 na mbwa karibu 150 walipokezana dawa ile kwa siku tano na nusu, ikivutwa kwenye sleji, yaani mkokoteni wa mbao usio na magurudumu. Wa kwanza, Bill Shannon, aliondoka Nenana usiku wa tarehe 27 mwezi wa kwanza. Baridi ilishuka chini ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Baadhi ya mbwa wake walikufa.

Sehemu ndefu na ya hatari zaidi ilimwangukia Leonhard Seppala, mzaliwa wa Norway, na mbwa wake kiongozi, Togo, aliyekuwa na umri wa miaka 12. Walitoka Nome kwenda kuipokea dawa, kisha wakageuka nayo wakikatiza bahari iliyoganda, ambapo barafu inaweza kupasuka wakati wowote. Kwenda na kurudi, walikimbia zaidi ya kilomita 400.

Lakini aliyeingia Nome alfajiri ya tarehe 2 mwezi wa pili alikuwa Gunnar Kaasen, na mbwa aliyeongoza alikuwa Balto. Dawa ilikuwa imeganda, lakini hakuna chupa iliyovunjika. Ikayeyushwa, na wagonjwa wakaanza kutibiwa.

Magazeti yalimshika Balto. Kabla ya mwaka ule kuisha, sanamu yake ilikuwa imesimamishwa katika bustani ya Central Park, New York. Seppala aliumia moyoni kuona Togo amewekwa pembeni. Wenyeji wa Alaska, waliobeba dawa katika sehemu nyingi za njia, walitajwa kidogo sana.

Hata Balto hakufaidika. Muda mfupi baadaye alionyeshwa kwa watu kwa malipo mjini Los Angeles, akitunzwa vibaya, hadi wakaaji wa Cleveland, watoto wa shule wakiwemo, walipochanga pesa mwaka 1927 kumnunua yeye na wenzake.

Kwa msomaji wa Kivu au Ituri, hapa ndipo kitabu kinapogusa. Wakati wa Ebola, kati ya mwaka 2018 na 2020, chanjo iliyopelekwa Beni, Butembo na Mambasa ilihifadhiwa katika baridi ya nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri, kali kuliko ile aliyoipita Shannon. Kule Alaska watu walihangaika dawa isigande; huku walihangaika chanjo isipate joto, kwenye barabara za matope na zenye milio ya risasi. Watu zaidi ya 300.000 walichanjwa.

Anayechanjwa humwona muuguzi mwenye sindano. Hamwoni dereva, mwendesha pikipiki, wala aliyelinda friza usiku kucha umeme ukikatika. Majina ya wale wa Nome yalichukua miaka mingi kuandikwa vizuri. Ya wale wa Beni, wengi wao wangali hai na wanaweza kusimulia wenyewe.