Buibui Anayemtambua Mbu kwa Macho

Vijidudu visivyouma vya Ziwa Victoria, vinavyojaa kwenye taa za Musoma na kuta za nyumba za mwambao wa Bunda, huwazidi mbu kwa wingi mara nyingi sana. Katika msongamano wa aina hiyo buibui mrukaji aitwaye Evarcha culicivora humtafuta mbu jike aliyeshiba damu. Hutega macho badala ya utando. Ana urefu wa milimita tano hivi na wekundu usoni. Wanda Wesołowska na Robert Jackson walimpa jina la kisayansi mwaka 2003. Amechunguzwa zaidi Mbita, upande wa Kenya wa ziwa hilohilo, na kumbukumbu za wataalamu zinamtaja Kenya na Uganda. Kwa hiyo kila buibui anayeruka ukutani Butiama, upande wa Tanzania, asibebeshwe jina hili; buibui warukaji wako wengi.

Wapo watakaosema anakula kinachopita tu. Lau ingekuwa hivyo, angeshiba vijidudu vya ziwani na mbu angemla kwa bahati. Nionavyo, jibu limo katika maumbile yake. Kati ya macho yake manane, mawili makubwa ya mbele ni kama mirija iliyozama kichwani: lenzi imetulia, retina ndiyo inayosogezwa na misuli, naye huchunguza umbo la windo sehemu kwa sehemu. Jackson na Ximena Nelson waliunganisha viungo vya mbu tofauti, tumbo la huyu na kichwa cha yule. Buibui hakuridhika na tumbo jekundu peke yake. Alitaka na vipapasio vyembamba vya jike, si vile vyenye manyoya vya dume. Harufu nayo humvuta, hata ya soksi iliyovaliwa na mtu. Lakini katika majaribio mengine aliteua mbu wa kuchorwa kwa kompyuta, na picha haina harufu.

Pingamizi zito zaidi kwa anayemwona buibui huyu kuwa msaada dhidi ya malaria ni kwamba akimla mbu aliyeshiba, mtu ameshaumwa. Ni kweli, ila kimelea cha malaria huhitaji siku kumi hivi au zaidi kukomaa ndani ya mbu kabla ya kuambukiza mtu mwingine. Anayeuawa leo hafiki huko. Watoto wa buibui huyu ni wateuzi zaidi: humtambua Anofelesi, mbu anayeeneza malaria, kwa mkao wake wa kuinua tumbo, wakamzunguka kwa nyuma na kumvamia kutoka chini ya tumbo hilo. Damu wanaipata kwa kupitia mbu tu, maana vinywa vyao haviwezi kutoboa ngozi ya mtu, jambo ambalo wenye kuogopa buibui wangefaa kulijua kabla ya kushika ndala. Hata hivyo sioni sababu ya kumkabidhi vita ya malaria. Huwinda kwa mwanga, akimfuata mbu aliyetua. Anayeruka gizani kuelekea kitandani bado ni wa chandarua.