Dodoso na "Lakini" ya Bibi

Sogeeni, wanangu. Mmoja wenu ameniuliza: "Mjomba, wale wanaopita majumbani wakiuliza maswali, wanatafuta nini?" Ehee! Hongera, mwanangu. Hilo ndilo swali la mtu mwenye macho.

Palikuwa na Dodoso, karatasi ya maswali. Mwili wake wote ulikuwa visanduku. Ndiyo. Hapana. Sijui. Likafika kwa bibi mmoja kijijini.

"Mna bomba la maji?"

"Ndiyo, lakini..."

"Basi!" likasema Dodoso. "Sina kisanduku cha lakini."

Sasa tazameni chungu kilichofunikwa. Ukikigonga kwa nje, utajua kimejaa au ni kitupu. Ni wali? Ni kunde? Kimeungulia? Hujui, mpaka ufunue. Dodoso liligonga tu, likaenda zake.

Kugonga si kubaya. Agosti 2022 Tanzania ilihesabu watu wake, ikapata 61,741,120. Umati kama huo huwezi kuuhesabu kwa hadithi. Visanduku vina kazi yake. Lakini ukitaka kujua kwa nini, funua.

"Mjomba, si watu waandike wenyewe?" Wengine hawakupata kusoma. Wengine wamesoma, ila kuandika kwenye simu kunawachosha. Wanaweka maneno matatu, wanaacha. Mdomo hauchoki upesi hivyo! Ndiyo maana tangu 2013 utafiti wa Sauti za Wananchi wa shirika la Twaweza umekuwa ukiwapigia watu simu, na wahojiwa walipewa simu na chaja za jua. Huko aliyeuliza alikuwa mtu. Siku hizi hata programu ya akili mnemba inaweza kuuliza.

Basi simu ikafika kwa bibi yule yule.

"Hodi, bibi. Shikamoo. Mimi si mtu, ni programu. Naomba kurekodi sauti yako. Unakubali?"

"Marahaba. Haya, uliza."

"Mna bomba la maji?"

"Ndiyo, lakini maji hutoka usiku wa manane. Mimi mgongo unaniuma. Mjukuu wangu ndiye anayeamka kuchota, na asubuhi anasinzia darasani."

"Pole, bibi. Huamka mara ngapi kwa wiki?"

Mmeona? Swali la maji limezaa habari ya shule! Hakuna aliyekuwa ameichorea kisanduku.

"Mjomba, simu imejuaje kuuliza hivyo?" Safi sana, mwanangu! Kwanza, programu hugeuza sauti kuwa maandishi. Imefundishwa kwa sauti za watu wengi mno. Kwa mfano, shirika la Mozilla lina mradi wa Common Voice, ambako watu hujitolea kusoma sentensi na kujirekodi, na Kiswahili kimo. Pili, programu huyasoma maandishi yale, inatafuta jambo lililoguswa lakini halikuelezwa, inauliza papo hapo.

"Na ikisikia vibaya?" Husikia vibaya, tena sana! Mashine ya kusaga inanguruma jirani. Mzee wa Pemba anasema Kipemba chake. Mama anachanganya Kiswahili na Kisukuma. Programu inaweza hata kuandika neno ambalo bibi hakulitamka. Kwa hiyo siwapendi kabisa watafiti wanaosoma muhtasari wa mashine na kufunga kazi. Mtu mwenye masikio arudi kwenye rekodi, asikilize.

"Na bibi akikataa?" Chungu ni chake. Sauti humtambulisha mtu, kama uso wake. Jirani akiisikia, atajua ni nani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Kenya ina yake ya 2019. Bibi aelezwe mapema nani atamsikiliza na rekodi itawekwa wapi. Akisema hataki, simu inyamaze.

"Mjomba, je, maji yalianza kutoka mchana?"

Ah, mwanangu! Hapo umewazidi wakubwa wengi. Programu haina spana. Bomba hutengenezwa na fundi, na fundi hutumwa na wale waliotaka majibu. Tanzania, kila miezi mitatu kijiji kinatakiwa kufanya mkutano mkuu. Mkifika miaka kumi na minane, nendeni mkaketi humo, mnyooshe mkono, muulize: majibu ya bibi yalifika kwa nani, naye alifanya nini?