Mboga za Majani na Ugonjwa wa Kansa

Mwili wako umejengwa kwa chembe ndogo sana, ambazo jicho haliwezi kuziona. Chembe ikichakaa hufa, na nyingine huzaliwa mahali pake kwa utaratibu. Kansa ni chembe zilizoacha kutii utaratibu huo. Zinazaana bila kukoma, zinafanya uvimbe, kisha zinaenea mwilini.

Je, mboga za bustani zinaweza kusaidia? Ndiyo, kwa kiasi chake. Mwaka 1992 Paul Talalay na wenzake wa Baltimore, Marekani, walitoa katika brokoli, mboga ya ukoo mmoja na shu, kitu kiitwacho sulforafane. Hakimo tayari katika mboga nzima. Kinatengenezwa mboga inapokatwa au kutafunwa, kwa maana ndipo vitu viwili vilivyotengana vinakutana. Kitu hicho kinaamsha ulinzi wa chembe nzima ili ziondoe sumu. Tena, katika vyombo vya maabara, kimeonekana kupunguza mwendo wa chembe za kansa, hata kuziua. Shu yetu nayo ina vitu vya jamaa hiyo.

Lakini sikiliza vema. Chombo cha maabara si mwili wa mtu. Hakuna mboga iliyothibitishwa kuponya kansa. Mboga ni kama mlinzi mlangoni: anasaidia mwivi asiingie. Mwivi akiisha kuingia, yafaa kuita msaada.

Basi ufanye hivi:

1. Kila siku kula bukari pamoja na mboga: shu, lengalenga, matembele au sombe.

2. Kata shu vipande vidogo, ngoja kidogo, kisha uipike kwa muda mfupi. Moto wa muda mrefu unaharibu nguvu yake. Lakini sombe uitwange na kuichemsha sana, maana majani mabichi ya muhogo yana sumu.

3. Likasi ni mji wa shaba na kobalti. Mwaka 2009 wataalamu wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitoa habari kwamba watu wa Katanga wanaokaa karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi katika mkojo. Vumbi huanguka juu ya majani. Yaoshe kwa maji safi, mara mbili au tatu. Wala usilime karibu na taka za kiwanda, kwa sababu madini yaliyopita katika mizizi hayatoki kwa kuosha.

4. Acha tumbako. Mboga hazifuti madhara yake.

Mama, ukiona uvimbe katika ziwa, au damu ikikutoka baada ya siku zako kukoma, usikae nyumbani ukinywa maji ya majani. Baba, ukiwa na kidonda kisichopona, nawe usingoje. Kansa nyingi zikionekana mapema zinaweza kukatwa kabla hazijaenea. Zikichelewa, kazi ya munganga inakuwa ngumu sana. Njoo hospitali upesi, na mboga zako uendelee kuzila.