Fahamu: Usonji na kutoelewana kwa pande mbili

Kwa miaka mingi wanasaikolojia wengi walimtupia lawama mtu mwenye usonji: ndiye asiyewaelewa wenzake. Mwaka 2012 Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alikataa. Alisema wengine nao hawamwelewi mwenye usonji.

Hoja ina uzito. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake huko Edinburgh walipitisha hadithi kutoka mtu hadi mtu, watu wanane kila kundi. Makundi ya wenye usonji pekee yaliifikisha sawa na ya wasio nao. Ilipotea zaidi makundi yalipochanganywa. Utafiti mkubwa zaidi wa 2025, hata hivyo, haukuiona tofauti hiyo.

Mzazi, ikiwa mwanao ana usonji, nawe fanya sehemu yako ya kuelewana: usimlazimishe akutazame machoni ndipo uamini anakusikia. Mwambie jambo moja, waziwazi, kisha msubiri ajibu.