Mlio wa Injini Ndani ya Muziki

Ndugu askari na polisi, kifaa kidogo cha muziki, mfano wa iPod iliyoanza kuuzwa mwaka 2001, kinapounganishwa na redio ya gari kwa waya, huweza kutokea mlio mwembamba unaopanda kila dereva akanyagapo mafuta. Wengi hukilaumu kifaa, wakanunua kingine, na mlio ukabaki pale pale.

Sisi twashauri uchunguzi kwanza. Gari likiwa limesimama mahali pa wazi na injini inawaka, dereva achomoe waya wa chaji katika tundu la kuwashia sigara, muziki uendelee kwa betri ya kifaa. Mlio ukikoma, chanzo kimepatikana: kifaa na redio vimeungana na bodi ya gari kwa njia mbili, na msukosuko wa umeme wa altaneta wapita katika waya wa sauti. Tiba ni kuchaji kwanza, kisha kusikiliza. Ama kuweka katika waya huo kichujio chenye transfoma ndogo, kipitishacho sauti na kukata njia ya pili.

Mlio usipokoma, ajaribu waya mwingine wa sauti, kisha kifaa kingine, akibadilisha kimoja kimoja. Sauti ikitoka upande mmoja tu, mara nyingi waya umekatika ndani au ncha yake haikuingia barabara.

Kazi hii isifanywe gari likiwa mwendoni. Na wakati wa zamu, muziki usifunike sauti ya amri.