Nyuso za Wazee Wetu Ukutani

Ukimtaja Joy Adamson darasani, iwe Embu au Meru, mwanafunzi atakujibu upesi: mama wa simba Elsa. Hana kosa. Kitabu cha mwaka 1960 na filamu ya Born Free, iliyoongozwa na James Hill mwaka 1966, vilieneza jina hilo duniani kote, na kaburi la Elsa liko papa hapa katika Mbuga ya Taifa ya Meru. Hata hivyo bibi huyo, aliyezaliwa mwaka 1910 mjini Opava, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Czech, alikuwa mchoraji kabla ya kumlea simba yeyote. Nami, pamoja na miaka yangu yote ya ualimu, sikuwahi kuzitazama picha zake hadi nilipowapeleka wanafunzi kwenye Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Alianza kwa kuchora maua. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ikamwagiza achore watu wa makabila ya Kenya wakiwa katika mavazi yao ya jadi, kwa hoja kwamba desturi hizo zilikuwa zikitoweka. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini ni ya ajabu. Zilitoweka zenyewe, kama umande? Marehemu nyanya yangu alitogwa masikio akiwa msichana, ndewe zikapanuliwa zikaning'inia. Alipobatizwa aliambiwa huo ni ushenzi, na tangu hapo hakwenda kanisani bila kitambaa kilichoyafunika masikio yake. Pale ukutani niliyaona masikio kama yake, wazi, yamejaa mapambo, na mwenyewe ametulia kama mtu asiyemwonea haya yeyote. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyompasa mwalimu mwenye watoto wa kuchunga.

Kwa upande wa ufundi sina la kumlaumu. Mtu amezoea kuona picha za zamani ambamo Mwafrika ni kivuli tu nyuma ya mzungu na bunduki yake. Hapa kila uso ni wa mtu mmoja na si wa mwingine: kunyanzi la huyu, jicho la yule lenye mashaka, ngozi na shanga zikachorwa kwa uangalifu uleule aliowapa maua.

Lakini msomaji akumbuke miaka yenyewe. Kazi hiyo ilikuwa haijakamilika hali ya hatari ilipotangazwa, Oktoba 1952. Aprili 1954 Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa kwa maelfu mjini Nairobi, na huku vijijini watu walihamishwa kwa nguvu kutoka mashamba yao, wakarundikwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na kulindwa usiku na mchana. Serikali ile ile iliyolipia rangi na karatasi ilikuwa ikiwachomea nyumba ndugu za waliochorwa. Katika picha nilizoziona hakuna hata dalili ya moshi huo.

Nilikuwa nikiyawaza hayo msichana mmoja wa kidato cha pili aliponivuta kando.

"Mwalimu, huyu mzee alipewa nini kwa kukaa hapo?"

Nilimjibu kwamba sikujua. Akauliza tena kama wajukuu wake wanajua yuko hapa. Hilo nalo sikulijua, na nadhani ndilo lililonisumbua zaidi, kwa maana watu wa Tharaka, Chuka au Mbeere wangapi hupata nauli ya kwenda Nairobi kutazama ukuta? Meru tuna makumbusho yetu, katika jengo kongwe lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya wa kikoloni. Nakala za picha hizo zikitembezwa huko, na katika kumbi za shule za Embu, gharama yake haiwezi kuwa kubwa. Wazee waliobaki waitwe wazitazame wakati macho yao yangali yanaona. Huenda mmoja wao akamtambua mtu.

Tuliporudi, basi likiwa limepita Mwea na giza limeingia, yule msichana alikuwa bado anachora sikio kwenye daftari lake la hesabu. Sikumkataza.