Dawa ya Sonona Isipoleta Nafuu



Askari hufunzwa kuvumilia njaa, jua kali na usingizi mchache. Lakini upo ugonjwa ambao uvumilivu peke yake hauuwezi, nao ni sonona: huzuni nzito ikaayo na mtu kwa majuma mengi, ikamwondolea usingizi, hamu ya chakula na matumaini. Wilaya ya Kasese imepatwa na mengi yawezayo kuuzaa ugonjwa huo. Mpondwe ilishambuliwa Novemba 1996. Mto Nyamwamba ulifurika mwaka 2013 na tena 2020. Na Juni 2023 wanafunzi wa Lhubiriha waliuawa usiku shuleni mwao. Aghalabu waitwao kuwaokoa walio hai na kuwabeba waliokufa ni askari.

Wapo waliokwenda hospitali wakapewa dawa. Hata hivyo leo wamechangamka kupita kiasi, kesho hawataki kuinuka kitandani. Wafanye nini?

Kwanza, yafaa waelewe kwamba dawa za sonona, kama amitriptilini na fluoksetini, si kama dawa ya kichwa. Huhitaji majuma manne hadi sita ya kumezwa kila siku. Azimezaye kambini na kuziacha aendapo doria hajazijaribu bado. Tena, hata azimezaye sawasawa huenda asipone kwa dawa ya kwanza. Katika utafiti mkubwa uliotangazwa Marekani mwaka 2006, takriban theluthi moja tu ya wagonjwa ndio walioondokewa na dalili kwa dawa ya kwanza. Kutopona mara moja, basi, si woga wala si ulegevu.

Pili, moyo unaopanda na kushuka waweza kuwa dalili ya ugonjwa mwingine, ambao madaktari huuita bipola. Mgonjwa huwa na siku za huzuni, kisha huja siku ambazo halali wala hachoki, husema mbio mbio, hutapanya mshahara na kujitia katika hatari. Kambini siku hizo huweza kusifiwa kuwa ushujaa. Mgonjwa naye humweleza daktari habari za huzuni tu, kwa kuwa siku za kuchangamka haoni kuwa ni maradhi. Matokeo yake ni kupewa dawa ya sonona pekee, ambayo huweza kumpandisha zaidi. Mtu huyo aghalabu huhitaji dawa ya kutuliza pande zote mbili, kama lithiamu. Nayo lithiamu hudai damu ipimwe mara kwa mara, na mgonjwa anywe maji ya kutosha, hasa atokwaye jasho jingi katika joto la tambarare za Karusandara.

Tatu, asiiache dawa ghafula, asijiongezee vidonge, wala asitafute usingizi katika waragi. Pombe huizidisha sonona na kuivuruga kazi ya dawa.

Nne, dawa si njia pekee. Katika vijiji vya Rakai na Masaka, hapa hapa Uganda, wagonjwa wa sonona walikutana katika vikundi mara moja kwa juma, kwa majuma 16, wakazungumza juu ya misiba na magomvi yaliyowalemea. Matokeo yalitangazwa mwaka 2003: walipata nafuu kubwa kuliko wenzao wasiokuwa katika vikundi, tena bila vidonge.

Kwa askari aliye Karusandara, safari huanza katika kituo cha afya. Akishindwa kusaidiwa hapo, ziko hospitali za Kilembe, Kagando na Bwera, na mbele yake Fort Portal. Na Butabika iko Kampala tangu mwaka 1955. Na aende na daftari lililoandikwa saa alizolala, siku za kupanda na siku za kushuka. Daftari hilo litamwonyesha daktari mambo ambayo mgonjwa mwenyewe huyasahau.

Neno la mwisho ni kwa makamanda na wenzi wa doria. Mwenzenu akisema maisha hayana maana tena, msimcheke, wala msimwache peke yake. Silaha yake na iwekwe ghalani kwa heshima, bila kumwaibisha, naye asindikizwe hospitali siku hiyo hiyo. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Kilio hicho chaweza kuzuiwa, mradi mgonjwa aseme mapema na wenzake wamsikilize.